Machicha ya Bwana Kombo

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wangali wanapika na kuombana chumvi uani, palikuwa na mji mdogo kando ya mto, ukiitwa Minazini. Uliitwa hivyo kwa sababu nyuma yake palikuwa na shamba la minazi. Waliotoa jina hawakujisumbua sana, lakini lilifaa.

Njia ya kwenda shambani ilikuwa moja tu, na juu ya njia hiyo alilala Kiboko.

Jina lake Bwana Kombo. Hakuiba, hakupiga mtu, hakutukana. Alilala tu. Ukitaka kupita kwenda kuangua nazi, ulimwomba anyanyue kichwa, naye alinyanyua kwa sharti moja: kila nazi itakayokunwa Minazini, tui la kwanza aletewe yeye.

"Kwa nini la kwanza, Bwana Mkubwa?" waliuliza siku alipoanza.

"Kwa sababu la kwanza ni la wa kwanza," alisema Kiboko, akafumba macho. Likawa limepita.

Sasa nyinyi mliozoea tui la kukata pakiti kwa mkasi, sikilizeni, maana msipolijua hili hadithi itawapita. Nazi hukunwa kwenye mbuzi. Msichekeane huko nyuma, nasema mbuzi ya kukalia, yenye meno ya chuma, si Mbuzi jirani. Ikishakunwa hutiwa maji kidogo, ikabinywabinywa, ikachujwa kwenye kifumbu. Linalotoka hapo ni tui la kwanza, zito, jeupe. Utamu wote uko humo. Ukitia maji tena ukakamua, unapata la pili, la kuanzia kupikia. Ukikamua tena unapata la tatu, ambalo ni maji yaliyopita karibu na nazi.

Kinachobaki mkononi ni machicha. Machicha ni makapi, na kila mwenye jiko huwatupia kuku.

Basi kila siku asubuhi Nyani Faki, mtumishi wa Kiboko, alipita nyumba kwa nyumba na ndoo.

"Hodi! Tui!"

"Faki, mwanangu, leo tuachie kidogo, mtoto anaumwa."

"Mimi natumwa tu, mama. Tia hapa."

Chubwi! Tui likaingia ndooni, ndoo ikaenda kwa Kiboko, naye akainywa yote, gulu gulu gulu, akafuta midomo.

Watu wa Minazini wakabaki na la pili na la tatu. Wali ulitoka mkavu, punje hazisalimiani. Kwenye mchuzi wa mbaazi uliweza kuona maua ya chini ya sahani. Mkate wa kumimina, ambao bila tui zito haunogi, ulitoka bapa kama kandambili, na watoto waliutumia hivyohivyo. Mafuta ya kujipaka hayakupatikana kabisa, kwa kuwa mafuta ya nazi hupikwa kwa tui la kwanza. Mji mzima ulikuwa umepauka magoti.

Katika mji huo alikaa Kindi mmoja mjane, jina lake Mize. Alikuwa mdogo wa kuweza kulala ndani ya kifuu, mwepesi wa miguu, na wa maneno zaidi. Alikuwa na binti mmoja, Raya, na Raya alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto.

Siku moja zikaja salamu kutoka kwa Bi Mashavu, bibi wa bwana harusi, kindi mzee ambaye neno lake huko kwao ndilo lililokuwa la mwisho.

"Ijumaa tunakuja," zilisema salamu. "Sisi kwetu mama tunamjua kwa wali wake, na bibi harusi tunamjua kwa ngozi yake. Tukiridhika tutaondoka naye. Tusiporidhika tutasema asante."

Hilo neno asante ndilo lililomtia Mize homa. Mwaka uliotangulia wakwe walikuja kwa binti wa Digidigi. Wakala wali wa tui la tatu, wakasema asante, asante sana, tumeshiba, wakaondoka wakiwa wamemsahau bibi harusi. Yule msichana yuko kwao hadi hapo, anadarizi mito.

Raya alizisikia salamu hizo. Alikuwa amekaa mlangoni anajikuna kiwiko kilichopauka, na alikuwa anampenda yule kijana. Mize alimtazama, moyo ukamuuma hasa.

"Mama," Raya akasema mwishowe, "na mimi nijifunze kudarizi?"

"Nyamaza," Mize akasema. "Nakwenda kwa Bwana Kombo."

Aliondoka vilevile alivyokuwa, na machicha ya asubuhi kwenye upindo wa kanga yake, akikusudia kuwatupia kuku njiani. Kwa mawazo aliyokuwa nayo akawapita kuku bila kuwaona. Kuku walimwona. Wakasikitika.

Alimkuta Kiboko amesimama karibu na ukuta wa nyumba yake, anajisugua mgongo. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Chokaa ilikuwa inaanguka.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, Mize. Umeleta tui?"

"Faki ameshachukua, Bwana Mkubwa. Nimekuja na ombi. Namwoza binti yangu Ijumaa. Naomba tui la kwanza la nazi zangu tu, la kupikia wali wa wakwe, na la kupika mafuta ya kumpaka mtoto. Harusi ikiisha, tutaendelea kama kawaida."

Kiboko alifikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kunaonekana kwa nje, masikio yakizunguka.

"Nikikupa wewe," akasema, "kesho Digidigi atataka, kesho kutwa Sungura. Mwisho nitajikuta nakunywa chai ya rangi. La kwanza ni la wa kwanza. Nenda."

Akarudi kwenye ukuta wake. Kwaru! Kwaru!

Mize aligeuka kuondoka. Alikwenda hatua kadhaa, akasimama. Aliisikiliza ile kwaru kwaru. Akautazama ule mgongo mpana, umepasukapasuka kama kiwanja cha kiangazi. Akatazama na upindo wa kanga yake.

"Bwana Mkubwa," akasema, "nikuulize jambo, hutakasirika?"

"Nitajua nikishalisikia."

"Tui lote la kwanza la Minazini unalinywa wewe."

"Ndiyo."

"Na mgongo unapasuka."

Kiboko akaacha kujisugua. "Nani kakuambia?"

"Ukuta."

Kiboko akautazama ukuta kwa jicho baya. Mize akasogea, akafungua upindo, akachota machicha kiganja kimoja, akampanda begani na kuanza kumsugua pahala padogo, padogo tu, kiasi cha sahani. Shuu, shuu, shuu. Machicha ni makavu lakini mafuta kidogo bado yamo, na yanakwangua vizuri. Hilo si uongo, muulizeni bibi yenu yeyote. Alipofuta kwa kanga, pale pahala palikuwa laini, panang'aa.

Kiboko akageuza shingo akapaona.

"Nini hicho?"

"Hamna kitu, Bwana Mkubwa."

"Mize."

"Takataka tu. Makapi ya jikoni."

"Makapi yanang'arisha ngozi?"

"Wallahi ni makapi, Bwana Mkubwa. Tunayatupa."

Muone mambo! Kila alichosema Mize hapo kilikuwa kweli tupu, na Kiboko hakuamini hata neno moja. Mkubwa aliyezoea kufichwa vitu, ukimwambia ukweli anaona unamficha zaidi.

"Mmh," akasema Kiboko. "Kwa hiyo tui mnaniletea mimi ninywe, na hiki mnabaki nacho huko majikoni kwenu. Kinaitwaje?"

Mize akajipiga mdomo. "Loo! Mdomo wangu huu!" Akaanza kulia. "Bwana Mkubwa, chukua tui la pili! Chukua na la tatu! Machicha tuachie sisi wanyonge, ndiyo tuliyobaki nayo!"

"Ahaa," akasema Kiboko. "Machicha."

Alilitamka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayejifunza jina la mkwe.

Hata hivyo hakuwa mpumbavu wa kupindukia. Alimwita Nyani Faki. "Pita nyumba zote. Usiombe kitu. Tazama tu tui wanaliwekaje na machicha wanayawekaje. Kisha uje uniambie."

Mize alikuwa bado yuko mlangoni, anafuta machozi ambayo hayakuwepo. Aliposikia hivyo hakupita njiani. Alipita juu, mnazi kwa mnazi, ruu ruu ruu, akashuka uani kwa Bi Digidigi akihema.

"Bi Digidigi! Machicha yako yako wapi?"

"Si hayo hapo chini? Nangoja kuku waje."

"Yaokote! Una bakuli la kauri?"

"Lipo lile la sikukuu ya Idi."

"Yatie humo. Yafunike kawa, yaweke juu ya kabati. Na tui lako liache chini, wazi, kwenye kopo bovu. Ukiulizwa, lia."

"Nilie nini?"

"Lia tu, mwenzangu, nitakueleza."

Bi Digidigi alikuwa na binti ndani anadarizi mito, kwa hiyo kulia hakukumpa taabu. Mize akaruka kwa jirani wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho wa mji.

Nyani Faki akapita. Alikuwa mtu wa kuletewa chakula na mama yake. Jiko alilijua kwa harufu. Aliyoyaona aliyaripoti yote.

"Bwana Mkubwa, tui liko chini, kopo lina kutu, nzi wamo. Machicha yako kwenye bakuli la Idi, yamefunikwa, yako juu ya kabati. Nyumba moja nimekuta yamewekwa chini ya mto wa kulalia."

"Na ulipoyagusa?"

"Walilia, Bwana Mkubwa. Yule Bi Digidigi alilia mpaka nikaona haya."

Kiboko akapumua kwa nguvu, majani yakaruka. "Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikinywa maji ya kuoshea machicha."

Kesho yake baragumu likalia, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Puuu! Puuu! Faki akasimama katikati ya mji.

"Sikilizeni! Kuanzia leo machicha yote ni ya Bwana Mkubwa! Yote! Atakayebakisha hata kiganja atakutana na uzito wa Bwana Mkubwa! Tui, la kwanza, la pili na la tatu, bakini nalo wenyewe huko, mtajua la kufanya!"

Watu wa Minazini wakalia sana. Walilia kwa zamu, ili wengine waende kukuna nazi.

Siku hiyo mji ulinukia. Kila jiko lilikuwa linasema, chuu, chaa, chubuchubu. Mbaazi ziliiva kwa tui la pili, na la kwanza likatiwa mwishoni na kukorogwa polepole bila kuacha, maana tui zito ukiliacha likachemka ovyo linakatika, na hakuna aliyetaka kulipoteza baada ya kulikosa muda wote huo. Muhogo wa nazi. Ndizi mbichi za nazi. Mchele uliolala ndani ya maji ukasagwa pamoja na tui, ukatiwa iliki, sukari na hamira, ukaachwa. Ukaumuka mpaka ukasukuma kifuniko. Mkate wa kumimina uliookwa moto juu, moto chini, ukatoka mnene, na watoto hawakujua la kufanya nao, wakauvaa kwanza kwa mazoea.

Mize alitia tui la kwanza kwenye sufuria pana, akalichochea kwa saburi mpaka likakatika na mafuta yakapanda juu, safi, unaona chini. Akachuja, akatia maua ya asumini. Akamkalisha Raya kwenye mkeka akampaka, mikono, miguu, viwiko. Raya akajinusa mkono.

"Mama, nanukia kama harusi."

"Bado," Mize akasema, lakini alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu zilipokuja zile salamu.

Kulikuwa na wenye malalamiko yao hata hivyo. Kuku wote wa Minazini walikusanyika uani kwa Mize, na mbele yao Tetea, kuku mwenye vifaranga vingi na kifua cha mbele.

"Bi Mize," Tetea akasema, "sisi si wagomvi. Lakini machicha yetu yamekwenda wapi?"

"Hayajapotea," Mize akasema. "Yamehamia kwa Bwana Kombo. Sasa yanakaa juu yake."

"Juu yake wapi?"

"Kila pahala."

Kuku wakatazamana.

"Na tukienda atatufukuza?"

"Atawakaribisha. Jambo moja tu: mkifika, msiseme kitu."

"Kuku anayekula," Tetea akasema, "amewahi kusema nini?"

Wakaondoka mstari mmoja.

Mize mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsinga Kiboko, yaani kumsugua na kumpaka, kila asubuhi, maana Kiboko alikataa mkono mwingine. Alimpaka kuanzia utosini mpaka mkiani, akamwambia asifute, ayaache yamkaukie. Kiboko alitii kuliko bibi harusi yeyote. Siku ya kwanza kuku walipofika, alifumbua jicho moja.

"Hawa wanataka nini?"

"Ni wapambe, Bwana Mkubwa. Mtu akifikia cheo fulani hawezi kutembea peke yake."

"Hawakuwahi kunifuata nilipokuwa nakunywa tui."

"Hukuwa umefikia."

To! To! To! To!

"Wananidonoa, Mize."

"Wanakubusu. Midomo yao ndivyo ilivyoumbwa, tuwavumilie."

Kiboko akavumilia. Baada ya muda akaanza kuwajua kwa busu.

Na kweli ngozi yake ililainika. Hapo ndipo taabu ya Mize ilipoanza, kwa sababu mtu akipendeza hukosa kukaa nyumbani. Siku moja kabla ya Ijumaa Kiboko akasema:

"Nasikia kesho una harusi."

"Ndogo tu, Bwana Mkubwa."

"Nitakuja. Hao wa ng'ambo nao waone."

Mize akaacha kumsinga. Kwa Minazini kila mtu alikuwa amefundishwa kulia. Huko ng'ambo hakuna aliyefundishwa kitu. Bi Mashavu angemwona Kiboko amejipaka chakula cha kuku angeuliza tu, waziwazi, kama wanavyouliza wazee. Na Kiboko akiujua ukweli mbele ya wakwe, uzito wake ungekaa juu ya nyumba, juu ya masufuria, juu ya Raya.

"Lakini Bwana Mkubwa, anayesingwa hatoki ndani! Ndiyo desturi!"

"Nimeshasingwa," Kiboko akasema. "Tazama bega."

Ijumaa ikafika. Mize alianza kupika mapema. Wali wake aliuanza kwa tui la pili, na ulipokaribia kukauka akamwagia la kwanza, akageuza mara moja, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Tui halikumwagika hata tone.

Wakwe wakavuka mto na vigelegele. Bi Mashavu alitangulia na fimbo yake, macho yamemfifia lakini pua ilikuwa nzima. Alipelekwa kwa Raya kwanza. Akamshika kiwiko, akakipapasa, akakinusa. Akakaa mkekani, wali ukaletwa. Akafinyanga tonge, akala, akatafuna kwa utaratibu mkubwa.

Mize alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

Bi Mashavu akafinyanga tonge la pili.

Hapo ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Bwana Kombo akaingia uani, kikoi kiunoni, machicha yamemganda kuanzia utosini mpaka mkiani, meupe, mazito, na nyuma yake kuku wote wa Minazini na vifaranga vyao, wengine juu ya mgongo. Akakaa katikati ya ua, kwa kuwa ndipo palipomtosha. Akageuza bega upande wa wageni.

Wa ng'ambo wakanyamaza. Walikuwa watu wa adabu.

Bi Mashavu alisikia kuku. Bibi wa zamani akisikia kuku hawezi kukaa, hata kwenye harusi ya watu. Aliinuka, akaingia jikoni kwa Mize, akapapasa, akakuta bakuli la machicha ya wali ule ule. Akatoka nalo.

"Bi Mashavu, tafadhali, mgeni hafanyi kazi!" Mize akasema, akimkimbilia.

"Ah, mwanangu, kazi gani hii? Kuru kuru kuru kuru!" Na kwa kuwa aliona kichuguu kikubwa cheupe na kuku juu yake, akayarusha machicha pale pale. Puu! Yakamwangukia Bwana Kombo usoni.

Hakuna aliyesogea. Kuku peke yao ndio waliosogea.

Kiboko akafungua macho katikati ya machicha. "Bibi," akasema, "hicho ulichotupa ni nini?"

Bi Mashavu akashtuka kidogo kusikia kichuguu kinasema, lakini alikuwa ameona mengi. "Machicha, babu."

"Ya nini?"

"Ya kuku. Chakula cha kuku."

"Na huko kwenu, mkiwa hamna kuku, mnayafanyia nini?"

"Tunatupa."

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea: to, to, to.

Kiboko akageuka akamtazama Mize. Masikio yalikuwa yanazunguka. Mize hakukimbia. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, mnazi ulikuwa pale pale, lakini Raya alikuwa ndani amevaa, kwa hiyo alisimama mbele ya mlango na udogo wake wote.

"Mize," Kiboko akasema.

"Naam, Bwana Mkubwa."

Kiboko akatazama wakwe, akatazama mji mzima uliojaa uani na juu ya ukuta. Akafikiri. Akisema nimedanganywa, itabidi aseme amedanganywa nini. Itabidi aseme mimi, Kombo, nimekaa siku zote hizi nimevaa chakula cha kuku, na baragumu nimelipigia. Na ng'ambo ya mto wangelijua kabla wali haujapoa.

"Mimi," akasema mwishowe, kwa sauti nzito, "nina huruma na kuku."

Watu wakangoja.

"Nimeagiza machicha yote ya mji niletewe mimi, ili kuku wapate kula pahala pamoja. Juu. Mbali na vumbi. Sivyo, Mize?"

"Ndivyo, Bwana Mkubwa," Mize akasema. "Mji mzima unajua."

"Ndivyo!" wakaitikia Minazini.

"Subhanallah," akasema Bi Mashavu, na machozi yakamlengalenga. "Kwetu hatuna mkubwa wa namna hii. Na utafanya hivi kila siku, babu?"

Kiboko akameza mate.

"Kila siku," akasema.

"Basi ngoja nikuongeze." Akaingia jikoni tena.

Bwana Kombo hakungoja. Aliinuka taratibu, akajifunga kikoi, akasema anakwenda kuoga mara moja. Akatoka uani kwa heshima zake zote, na kuku mstari mmoja nyuma yake, akashuka mtoni, akaingia majini mpaka puani. Kuku wakasimama ukingoni, kwa maana kuku haogelei. Wakamngoja.

Kule uani Bi Mashavu alirudi mkekani, akamaliza sahani, akalamba vidole kimoja kimoja. Mize alikuwa anamtazama mdomo tu, anangoja lile neno.

"Nilikuwa nimeshaandaa asante," Bi Mashavu akasema. "Nibaki nayo. Tui lako limekaa, wali wako unashikana mikono, na huyu mtoto ngozi yake hata mimi na macho yangu haya nimeiona. Mleteni tuondoke naye."

Vigelegele vikapanda. Mize akaingia nyuma ya mlango akalia, safari hii machozi yalikuwepo.

Bwana Kombo alisema anaoga mara moja. Ndiye huyo mnayemwona majini hadi leo, pua peke yake nje, kwa sababu kila akichungulia ukingoni anakuta kuku. Njia ya shamba la minazi i wazi, na tui la kwanza linaliwa na aliyelikamua.

Basi, enyi watoto, shikeni neno moja: anayetaka tamu ya jiko la wenzake bila kuingia jikoni, iko siku atavishwa makapi na atayashukuru.